Mng'ao wa dashibodi kwenye kioo cha mbele: tupeane uzoefu kabla sijaagiza gari

Mgeni wa Bandari
Wakuu, heshima yenu. Niko hatua za mwisho kuagiza gari Japani. Zimenibana mbili, mfano uleule, bei karibu sawa: moja ndani nyeusi, nyingine ndani rangi ya maziwa. Mama watoto kaipenda ya maziwa, anasema ndiyo yenye hadhi. Jirani yangu kaniambia nisithubutu, jua likipiga dashibodi yote inahamia kwenye kioo. Picha za muuzaji hazisaidii, zote zimepigwa kivulini. Mliopitia mnasemaje?

Kimara Mwisho
Mkuu umenikumbusha mbali sana. Sisi wa njia ya Morogoro, Kimara, Mbezi hadi Kibaha, asubuhi tukienda mjini jua liko usoni, jioni tukirudi jua liko usoni tena. Sasa mimi nilikuwa na gari (jina silitaji, wenye nazo wamo humu wataniua) ina dashibodi ndefu rangi ya mchanga na kioo kimelala. Siku hiyo vijana wa kuosha magari walikuwa wameipaka yale mafuta yao, inameremeta. Nimevuka Mbezi, napandisha Kiluvya, jua limeshuka usawa wa macho. Lami siioni. Ninachokiona ni matundu ya AC, mshono wa plastiki, mpaka vumbi, vyote vinaelea mbele yangu. Mara nikaingia kwenye kivuli cha mwembe, kioo kikafunguka ghafla, na hapo ndipo nikamwona mzee anasukuma baiskeli imejaa magunia ya mkaa. Yuko pale pale! Nilikanyaga breki hadi kisigino kikauma. Mzee hata hakugeuka. Daladala ya nyuma ikanipita na matusi yake. Nikaegesha pembeni, funguo ikanishinda kuchomoa kwa kutetemeka. Ile gari niliuza. Chukua nyeusi, mama watoto mnunulie kitenge.

Binti Tegeta
Kweli tupu. Ila sisi wa Bagamoyo Road jua linatupiga ubavuni tu. Hamieni huku.

Joto la Jiji
Acheni kumtisha mtu. Nyeusi ukiiegesha Kariakoo saa saba mchana, ukirudi usukani haushikiki.

Kimara Mwisho
Joto unawasha AC. Mng'ao unauzima na nini?

Joto la Jiji
Kwa kupunguza mwendo. Kiluvya ulikuwa unakimbizwa na nani?

Fundi wa Gereji
Msigombane. Chukua yoyote, kata zulia jeusi lisilong'aa, tandika juu ya dashibodi. Hayo mafuta ya kung'arisha piga marufuku, futa kwa maji na sabuni ya vyombo kidogo. Na safisha kioo kwa NDANI. Plastiki ikipata joto hutoa utando kama mafuta unaoganda kwenye kioo, jua likigusa unakuwa ukungu mtupu. Watu wanasugua nje tu.

Mzee wa Lori
Fundi, zulia liishie kabla ya eabagi ya abiria, ule mfuko wa hewa. Umefunika pale, siku ya ajali itafumukia wapi?

Fundi wa Gereji
Mzee nimesema kata, sijasema funika.

Mama Pacha
Nyie mnaulaani mng'ao, mimi ulinisaidia. Tunatoka Morogoro alfajiri na baba pacha, jua linachomoza mbele yetu. Naona kwenye kioo kitu cheupe kinang'aa upande wangu. Nikitazama dashibodi, hakuna kitu. Nikitazama kioo, kipo. Nikanyoosha mkono mpaka kule kwenye kona, kioo kinapokutana na dashibodi, nikaokota karatasi. Risiti ya gesti! Tarehe ileile aliyoniambia yuko msibani Kilosa.

Binti Tegeta
Weeee! Ikawaje?

Joto la Jiji
Gesti ya wapi dada? Tusaidie uchunguzi.

Mama Pacha
Aliongeza sauti ya redio. Mengine niachieni.

Mzee wa Lori
Ndiyo maana mimi nasisitiza zulia jeusi.

Mfupi Lakini Dereva
Jamani turudi kwenye mada. Mgeni, usiangalie rangi tu. Nguzo za pembeni ya kioo zikiwa nene zinameza bodaboda mzima unapokata kona. Kabla hujaagiza, kakae kwenye gari ya mfano huo ya mtu, mchana, jua likiwa mbele, uone kama nguzo inakuziba. Wengine wafupi kama mimi tunaona usukani na mawingu.

Joto la Jiji
Nunua miwani ya polaraizi, ile ya kukata mng'ao, uendelee na maisha. Wauzaji wana kikadi chenye picha isiyoonekana mpaka uvae miwani yenyewe. Picha isipotokea, umeuziwa plastiki.

Mzee wa Lori
Ila usiku ivue. Wapo wanaoshuka nayo mlima Kitonga gizani.

Mgeni wa Bandari
Asanteni wote. Naona nyeusi, ingawa nyumbani bado kuna kikao. Swali dogo: redio zenye skrini kubwa usiku haziwaki kwenye kioo?

Binti Tegeta
Yangu inawaka kama taa ya sherehe, na menyu yote ni Kijapani. Huwa naifunika na leso.

Fundi wa Gereji
Dada, redio nyingi zina waya unaoungwa na taa za gari, ukiwasha taa skrini inafifia yenyewe. Waliokufungia pengine waliuacha unaning'inia. Mwambie fundi auangalie. Mama Pacha, nawe tumalizie basi.