Kurefusha miguu nje ya nchi: hospitali na daktari mnachaguaje?

Futi5Inchi3

Wakuu habari zenu. Nina miaka 28, kimo sm 160, na hili jambo nimelibeba moyoni tangu niko sekondari, kwa hiyo wale wa "jikubali ulivyo" naomba leo mnipishe kidogo, nishajikubali mara nyingi tu na nikiamka asubuhi bado nataka. Akiba nimeweka miaka sita. Nimebaki na hospitali mbili, moja iko Istanbul nyingine India, zote zina picha za kabla na baada, zote zinasema daktari wao kashafanya mamia ya watu, na kote huko anayenijibu WhatsApp ni wakala mwenye adabu kupita kiasi. Wa Istanbul wana pakeji: upasuaji, hoteli, kupokewa uwanja wa ndege, fizio wiki nne. Wanasema napata sm 8 kwenye mapaja na baada ya miezi mitatu niko kazini. Wa India bei iko chini ila wao wanaweka neili (fimbo ya chuma inayokaa ndani ya mfupa) na vyuma vya nje kwa pamoja. Kuna mtu kaniambia Ujerumani au Marekani ndo salama, huko hela yangu haifiki hata nusu.

Sasa nyie mnapimaje? Bei, idadi ya wagonjwa, aina ya chuma? Na huyu daktari nitajuaje kama ni fundi kweli wa hii kazi au ni mpasuaji wa kawaida kaona kuna soko?

SoliNene

Mi ningenunua viatu vyenye soli ndefu nikalala usingizi wangu. Sm 5 papo hapo bila nusu kaputi 😂

Futi5Inchi3

Ninavyo pea tatu kaka. Tatizo ni kuvivua.

AntenaMiezi11

Mdogo wangu kaa chini tuongee, mimi nimepita huko. Sikutumia neili ya ndani, nilifungwa antena kwenye miundi miguu yote miwili, zile pete na waya zinazopita kwenye nyama hadi mfupani. Nchi na hospitali sitataja.

Nilichagua kwa picha na bei, kama wewe unavyotaka kufanya. Daktari nilimwona mara mbili, siku ya upasuaji na siku ya kuruhusiwa. Mfupa wanaukata, wanauacha kama wiki moja uanze kuunga, halafu unavutwa milimita moja kwa siku, yaani unazungusha nati robo milimita mara nne, asubuhi mchana jioni na kabla ya kulala. Nati nilizungusha mwenyewe, hiyo haina shida, unazoea. Shida ilianza karibu na sm 5, kisigino kikawa hakigusi sakafu. Asubuhi nikishusha miguu kitandani vidole vinatangulia kama mcheza baleti. Nikamtumia wakala picha akanijibu "ni kawaida, endelea na stretching". Nikaendelea mpaka sm 7 manake nilikuwa na uchu, acha niseme ukweli, ile tepu ikikupa namba mpya kila wiki unakuwa kama mtu aliye kasino. Mwisho wake nikarudi chumba cha upasuaji kukatwa kano ya kisigino irefuke, pesa nyingine nje ya mkataba, na antena zilikaa miezi 11.

Leo natembea vizuri, kukimbia bado si yule wa zamani. Sijuti sana ila ningechagua tofauti kabisa. Siku kisigino kilipoanza kunyanyuka nilikuwa namhitaji mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kuniambia "acha kuzungusha", na huyo mtu hakuwepo. Kwa hiyo tafuta hospitali ambayo huyo mtu yupo na jina lake unalijua kabla hujalipa. Hayo mengine tutaongea baadaye.

FizioDada

Kaka AntenaMiezi11 pole, na umeongea kitu cha maana kuliko brosha zote nilizowahi kuona. Mimi ni mtu wa fizio, wagonjwa wa aina hii nimewashika kadhaa wakiwa wamesharudi kwao.

Mdogo wangu hebu soma hiyo pakeji ya Istanbul kwa kikokotoo. Sm 8 ni milimita 800... samahani, milimita 80, kwa milimita moja kwa siku ni siku 80, jumlisha wiki ya kusubiri mwanzo, tayari karibu miezi mitatu na bado unavuta tu. Mfupa mpya ukiwa umetoka kuvutwa ni laini, kwenye eksirei unaonekana kama ukungu, unahitaji miezi mingine mingi ugande ndo ubebe uzito wako. Sasa "miezi mitatu kazini" imetoka wapi? Na fizio wiki nne? Wiki nne za mwanzo ndo rahisi, misuli bado ina nafasi. Ugumu unakuja mwezi wa pili na wa tatu, ambapo wao washakutoa hotelini. Mfupa unarefuka kwa kuvutwa, lakini msuli, mshipa wa fahamu na ngozi vinafuata kwa kulazimishwa, ndo maana fizio ni kila siku na si kwa hisani.

Ukirefusha paja, kinachogoma ni goti na nyonga. Goti likishindwa kunyooka kabisa, au likigoma kukunja, hiyo ni taa nyekundu. Ukirefusha muundi ni kifundo cha mguu, kama ilivyomtokea kaka hapo juu. Ukianza kuhisi ganzi juu ya unyayo au kidole gumba kinashindwa kunyanyuka, mshipa wa fahamu unalalamika, hapo hakuna kusubiri Jumatatu. Mara nyingi dawa yake ni kupunguza kasi, robo tatu au nusu milimita kwa siku, au kusimama kabisa. Waulize: nani ananipima goti kwa kipimo cha nyuzi, mara ngapi kwa wiki, na akiona limekwama anampigia nani? Wakikujibu "timu yetu itakuhudumia" bila jina la mtu, ujue hakuna.

Halafu sm 8 kwanini? Hiyo ndo karibu na mwisho wa neili nyingi za paja, si lazima uimalize kama sahani ya chakula. Wengi wanaofanya kazi hii kwa uangalifu huwa hawamuahidi mtu namba kabla hawajamshika miguu.

Bandubandu

Niongezee upande wa vyuma na vyeti, fizio kasema vizuri.

Kwanza ujue hii kazi haikuzaliwa kwa ajili ya urefu. Gavriil Ilizarov aliianza Kurgan huko Siberia miaka ya 1950 kutibu mifupa iliyovunjika ikakataa kuunga na miguu isiyolingana. Kwa hiyo daktari fundi wa kweli utamkuta anatibu hayo pia, mtoto mwenye mguu mmoja mfupi, mtu aliyegongwa na gari mfupa ukaoza. Yule ambaye kazi yake YOTE ni kurefusha watu wazima kwa pesa taslimu mimi namtilia shaka, manake siku mfupa wako ukigoma kuunga utahitaji mtu anayejua kuchukua mfupa wa nyonga kupandikiza, na si kila anayejua kukata anajua hilo. China mwaka 2006 walipiga marufuku kurefusha kwa ajili ya urembo tu baada ya watu kuharibiwa miguu, hebu fikiria.

Kuhusu chuma. Neili ya sumaku (ile ya PRECICE, Marekani iliruhusiwa 2011) inavutwa kwa mashine unayoiweka juu ya paja, hakuna waya nje, hakuna usaha kwenye matundu. Lakini haibebi uzito wote, miguu yote miwili ikifanywa pamoja jiandae na wilchea na woka kwa miezi. Walitoa nyingine inayobeba uzito zaidi, Stryde, 2018, watu wakashangilia, 2021 ikaondolewa sokoni kwa sababu ya kutu na mfupa kubadilika pale vipande vya neili vinapoungana. Kwa hiyo ukiambiwa "chuma kipya kabisa" uliza kimekaa miilini mwa watu miaka mingapi. Ya India, neili na vyuma vya nje kwa pamoja, si mbinu mbaya, vyuma vya nje vinatolewa mapema, ila wadudu wakiingia kwenye tundu la waya wanaweza kusafiri mpaka kwenye neili ndani ya uboho na kuwatoa huko ni vita.

Cheti cha JCI (shirika la kimataifa la kukagua hospitali) ukutani kinakagua hospitali, usafi, mafaili, usalama wa dawa. Mkono wa daktari wako hakiugusi. Jina lake litafute kwenye baraza la madaktari la nchi yake, na uone kama ameandika chochote kuhusu wagonjwa wake wakiwemo walioharibikiwa. Dror Paley, daktari wa mifupa, mwaka 1990 aliyagawa matatizo ya hii kazi mafungu matatu: yanayoisha bila kurudi chumba cha upasuaji, yanayohitaji kurudi lakini yanaisha, na yale unayobaki nayo. Muulize daktari, kati ya watu wako 50 wa mwisho kila fungu wangapi? Mwenye kazi yake atakupa namba bila kununa. Akikwambia sifuri, funga simu.

FizioDada

Nimesahau: mapaja yote mawili siku moja, muulize anakingaje mafuta ya uboho yasikimbilie kwenye mapafu. Wanaojua wanatoboa vitundu vya kupumua kwenye mfupa kabla ya kuchimba. Na kama unavuta sigara acha sasa hivi, sio wiki ya safari, mfupa unachelewa kuunga.

Futi5Inchi3

Jamani asanteni, sikulala nimesoma hii kama mara nne. Nimefanya mlichosema, nimeandikia hospitali zote mbili kwamba nataka kuongea na daktari mwenyewe kwa video kabla ya kulipa hata senti.

Istanbul wakala kasema daktari ana ratiba ngumu, ataniona siku moja kabla ya upasuaji. Nikauliza neili ikigoma au mfupa ukiunga mapema kabla sijafika urefu nani analipa upasuaji wa pili, akanitumia tena picha za hoteli 😅

India daktari kapiga mwenyewe, dakika kama 40, nilishangaa. Akaniambia nisimame ukutani nichuchumae visigino vikiwa chini. Vyangu vilinyanyuka. Akasema kabla hajaongea chochote nikafanye mazoezi ya kunyoosha miezi minne nimrudie. Sm 8 kaikataa, kasema labda 5 au 6 na itategemea goti. Kaniambia pia nitafute daktari wa mifupa huku nilipo atakayekubali kunipokea nikirudi, nimpeleke faili lote, na siku ya kutoa neili baada ya mwaka mmoja au miwili nijue naitolea wapi. Halafu akaniuliza nani anakuja kukaa na mimi. Nikanyamaza, manake nyumbani hakuna anayejua.

AntenaMiezi11

Hiyo siku moja kabla ya upasuaji ushalipa tiketi, ushalipa hoteli, ushaaga kazini. Nani atakataa hapo? Ndo walivyonipata mimi.

Na hilo swali la mwisho usilipite. Mimi nilikwenda peke yangu kwa aibu. Usiku wa tatu nilikojoa kwenye chupa ya maji nikaimwaga kitandani na sikuweza kugeuka, nikalala hivyo hivyo mpaka nesi wa asubuhi. Mwambie mtu mmoja tu, dada au kaka, yule asiyecheka ovyo.

Futi5Inchi3

Dada yangu mkubwa. Namwambia Jumapili. Miezi minne ya kisigino nimeanza jana, vigimbi vinaniuma balaa.