Namba yaweza kuhukumiwa si tasa bila vigawo vyake kuonekana?

Mdadisi: Mwanahisabati Mersenne, mwaka 1644, aliitaja 2 kwa kipeo cha 67 toa 1 kuwa tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwenzake wa baadaye, Lucas, akaja kusema si tasa, 1876 kama sikosei, lakini hakutoa kigawo hata kimoja. Mwanahisabati Cole ndiye aliyevitoa vigawo 1903: 193707721 mara 761838257287. Kwangu, kabla ya Cole hapakuwa na uthibitisho, palikuwa na madai. Mnasemaje?

Kokotoa: Hapana, mkuu. Shika kalamu, tumia kipimo cha Lucas cha namba za aina hii, kama mwanahisabati Lehmer alivyokinyoosha baadaye. Chukua mfano mdogo, 2047, yaani 2 kwa kipeo cha 11 toa 1. Anza na 4: zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 2047, chukua baki. Rudia mara 9: 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Ingekuwa tasa ungeishia sifuri. Umemaliza kesi bila kuviona vigawo vyake, 23 na 89.

Mgumu: Nasikia kazi ya kuvitafuta vigawo vile ilimla Cole Jumapili za miaka mitatu. Leo kompyuta inamaliza kufumba na kufumbua. Muda wote ule umekwenda bure.

Binti Hesabu: Bure?! Kigawo chochote cha namba ile ya Cole lazima kiwe 134 (yaani 67 mara 2) mara namba nzima fulani, jumlisha 1. Kile kidogo ni 134 mara 1445580, jumlisha 1. Hakuna kubahatisha hapo, ni kuchuja na kuchuja tena. Wewe ulishawahi kung'ang'ana na namba moja hata wiki?

Mgumu: Dada, nimesema muda, sijamtukana mtu. Halafu hiyo habari ya Jumapili ni simulizi tu.

Kokotoa: Si umeileta wewe mwenyewe!

Mgumu: Nimesema nasikia. Someni vizuri.

Mpita Njia: Mnagombania Jumapili za marehemu. Kompyuta yenyewe inafuata mbinu za watu kama hao, haikuzaliwa nazo.

Mdadisi: Jamani, swali langu. Kokotoa, hesabu yako nimeifuata hadi 1736. Lakini mtu akiniambia namba inagawanyika, namuuliza: kwa ngapi? Akikosa jibu, nitamwaminije?

Binti Hesabu: Kwa sababu kila hatua unaweza kuirudia mwenyewe! Chukua 2 kwa kipeo cha 16777216, jumlisha 1. Tangu 1999 inajulikana si tasa, na mpaka leo hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana. Kwa kanuni yako, Mdadisi, hiyo tuiweke wapi?

Mdadisi: Kwenye foleni, mpaka kigawo kipatikane.

Kokotoa: Foleni gani, kaka? Ama ni tasa ama si tasa, na hesabu imeshasema si tasa. Ulichobakiza ni hamu ya kuviona vigawo. Hamu hiyo ninayo hata mimi, lakini usiipe jina la uthibitisho.

Mgumu: Na bado hakuna aliyenijibu kuhusu muda.