Kugandisha barafu usiku ili kupoza jengo mchana: akiba inatoka wapi?

MsimamiziJengo:
Ndugu wanajukwaa, nasimamia jengo la ofisi ambalo chila yake, yaani mtambo unaopoza maji ya viyoyozi vya jengo, imechoka na haina budi kubadilishwa. Mshauri wetu anapendekeza tusinunue nyingine ya ukubwa uleule, bali tuchukue ndogo zaidi pamoja na matangi ya barafu, ili usiku, bei ya umeme inaposhuka, chila igandishe maji matangini, na mchana barafu hiyo iyeyuke ikilipoza jengo. Mzigo wetu wa juu kabisa ni kilovati 300 za upoozaji, na kwa saa kumi za kazi, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, wastani ni kilovati 200. Kinachonitatiza ni kwamba kugandisha maji hula umeme mwingi kuliko kuyapoza tu. Sasa akiba inatoka wapi?

FundiMitambo:
Wasiwasi wako una msingi, ndugu. Ili maji yagande, mchanganyiko wa maji na glaikoli (kimiminika kinachozuia maji kuganda) unaotoka kwenye chila hushushwa hadi nyuzi 4 au 6 hivi chini ya sifuri, ilhali kwa upoozaji wa kawaida nyuzi 6 au 7 juu ya sifuri zinatosha, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo kompresa inavyohitaji umeme zaidi kwa kila kilovati ya upoozaji. Ubaridi wa hewa ya usiku hufidia sehemu ya hasara hiyo, lakini usitegemee kwamba utaifidia yote. Kwa hiyo usiihesabu barafu kama njia ya kupunguza uniti. Ihesabu kama njia ya kuzihamisha uniti hizo hadi saa za bei nafuu na kushusha kilele cha matumizi.

Nguvu yake iko katika kuyeyuka. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka humeza kilojuli 334, wakati kilo moja ya maji ikipanda kutoka nyuzi 5 hadi 12 humeza kilojuli 29 tu. Hata kipimo cha tani tunachokitumia kila siku kwenye viyoyozi, ambacho ni sawa na kilovati 3.5 hivi, kilitokana na kiasi cha joto kinachoyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani kilo 907, kwa saa 24.

Sasa tazama jengo lako. Kwa siku linahitaji kilovati-saa 2,000. Ukitaka chila izimwe mchana kutwa, utahitaji zaidi ya tani 21 za barafu, wala chila haitapungua ukubwa, kwa sababu italazimika kugandisha yote kwa saa kumi za usiku, na inapogandisha hutoa takriban theluthi mbili tu ya uwezo wake wa kawaida. Lakini ukiiruhusu ifanye kazi mchana pia, hesabu inageuka: chila ya kilovati 121 itatoa kilovati-saa 1,210 kwa saa kumi za mchana, na ikigandisha saa kumi usiku kwa asilimia 65 ya uwezo wake itaweka akiba ya kilovati-saa 790 hivi, ambazo ni tani 8 na nusu za barafu. Hapo umetoka kilovati 300 hadi 121. Mwulize muuzaji swali moja kabla hujasaini: je, matangi yataweza kutoa kilovati 179 zinazobaki hata alasiri, barafu ikiwa imekonda? Barafu ikipungua, kasi yake ya kutoa baridi nayo hupungua.

MlinziWaPampu:
Nimeendesha mfumo wa namna hii kwa miaka kadhaa, na ninaupenda, ila hausamehe uzembe. Usiku mmoja valvu ya njia tatu, ile inayoielekeza glaikoli matangini au upande wa jengo, haikufunga sawasawa. Nilipolishika bomba linaloelekea kwenye kibadilisha joto cha jengo (kifaa chenye sahani nyembamba ambamo glaikoli hupoza maji ya jengo bila kuchanganyika nayo), bomba ambalo saa hizo lilipaswa kuwa na joto la chumba, vidole vyangu vilikuta ukoga mweupe wa barafu: glaikoli iliyo chini ya sifuri ilikuwa ikipenya, na maji safi ya upande wa pili yalikuwa yamesimama yakianza kuganda. Tulisimamisha mtambo kabla sahani hazijapasuka. Tangu hapo tuna kipima joto kwenye bomba hilo, na pampu ya maji hujiwasha yenyewe joto likishuka mno.

Jambo la pili ni kujua una barafu kiasi gani. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, kwa hiyo usawa wa maji tangini hupanda usiku na kushuka mchana. Mimi husoma kile kipimo cha pembeni kila asubuhi hata kama kompyuta imeshaniambia.

MkaguziNishati:
Ningependa kuongeza habari ya bili. Penye malipo ya kilele, mita huandika wastani mkubwa kuliko wote wa dakika 15 au 30 katika mwezi mzima, na huo ndio unaolipiwa. Hitilafu moja ya saa nane mchana, ikilazimisha mitambo yote iwake pamoja, inaweza kufuta faida ya kilele ya mwezi huo. Vilevile, usichukulie kwamba usiku ndio wakati bora daima. Jengo lenye paneli nyingi za sola, au lililo kwenye gridi (mtandao wa umeme) yenye ziada ya umeme wa jua adhuhuri, linaweza kupata faida zaidi kwa kugandisha adhuhuri na kuyeyusha jioni. Matangi ni yaleyale. Kinachobadilika ni ratiba.

MsimamiziJengo:
Nawashukuru sana. Bili yetu ina malipo ya kilele, nami sikuwahi kuyatazama kwa makini. Nitaomba rekodi za mita za kila dakika 15 za mwaka mzima kabla ya kumjibu mshauri, na swali la kilovati 179 za alasiri nitamtaka alijibu kwa maandishi.

FundiMitambo:
Katika rekodi hizo, anza na siku yenye joto kuliko zote. Mfumo unaotosheleza siku ya wastani pekee utaishiwa barafu siku hiyo kabla ya saa kumi jioni.