Je, ni kosa kisheria kula sehemu ya mwili wa mtu aliyeridhia? Naomba ushauri, niko Ujerumani

Mgeni wa Hessen: Wakuu, habari za jioni. Nina jamaa yangu wa karibu ambaye amekwama katika jambo ninaloona haya kulieleza kinagaubaga. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: mtu mzima mwenye akili timamu akiridhia kwamba sehemu ya mwili wake iliwe, je, anayekula anatenda kosa? Naomba tusitukanane.

Wakili wa Bara: Mkuu, nchi unayoishi ilikwisha kulijibu swali hilo mahakamani. Mwaka 2001, mjini Rotenburg, Armin Meiwes alimuua na kumla mtu aliyejitolea mwenyewe baada ya kukutana naye mtandaoni. Kwa kuwa sheria ya jinai ya huko haina kifungu kinachotaja kula nyama ya mtu, mashtaka yalijengwa juu ya kuua na kuvuruga amani ya marehemu. Mahakama ya Kassel ilimpa miaka 8 na nusu mwaka 2004, mahakama ya juu ya shirikisho ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2005, na mwaka 2006 Frankfurt ikamfunga maisha kwa mauaji. Ridhaa ya marehemu haikumwokoa. Sasa tueleze, mwenye mwili huo yu hai au amekufa?

Mzee wa Mtepe: Wale vijana wa Uruguay ambao ndege yao ilianguka milima ya Andes mwaka 1972 waliahidiana kwamba atakayekufa awe chakula cha wenzake, na 16 kati ya watu 45 wakatoka hai baada ya siku 72. Mimi mwenyewe nilipotelea baharini siku nne kati ya Pemba na Tanga, chombo kimevunjika mlingoti, na kufikia siku ya tatu nahodha alikuwa akiniangalia mapaja kwa namna ambayo sijaisahau hadi leo. Alhamdulillahi tulipata papa.

Mama Wawili: Mzee, hukuulizwa habari za papa. Nawe mleta uzi, tangu lini mtu akakosa usingizi kwa jambo la jamaa? Sema ukweli usaidiwe.

Mgeni wa Hessen: Mwenye mwili yu hai, wala hakuna aliyekatwa. Basi, ni mke wangu. Amejifungua wiki iliyopita, na anataka kula kondo lake la nyuma likiwa limekaushwa, likasagwa na kutiwa kwenye vidonge. Wenzake wa kliniki wamemwambia kwamba huongeza maziwa na huondoa huzuni ya uzazi. Mama yangu anafika Jumamosi kutoka Moshi, na swali lake la kwanza litakuwa kondo limezikwa wapi.

Wakili wa Bara: Kumbe! Basi ondoa Meiwes kichwani, kwa maana hapa hakuna aliyeuawa wala maiti iliyovurugwa.

Mama Wawili: Sheria si kila kitu, wakili. La kwangu bibi alilizika chini ya mgomba, na hadi leo nikifika nyumbani naonyeshwa mahali pale. Mtoto asiye na mahali pa kuonyeshwa ni wa wapi?

Muuguzi Mstaafu: Mwanangu, achana na mahakama na mgomba kwa muda. Je, mkeo alipewa dawa yoyote kwa mshipa wakati wa uchungu?

Mgeni wa Hessen: Alipewa antibaotiki, shikamoo mama. Walisema ana bakteria fulani, kundi B, lakini kwamba ni jambo la kawaida. Naomba mwelewe kwamba mtengenezaji tumekwisha kumlipa, ana uzoefu, na mke wangu ana haki juu ya mwili wake.

Asiyedanganyika: Hii ni chai, tena ya tangawizi. Mara jamaa, mara mke, mara bakteria. Mtu mwenye mtoto wa wiki moja anapata wapi nafasi ya kuandika sentensi ndefu namna hii? Huyu anatafuta wasomaji.

Mzee wa Mtepe: Hata kisa changu cha papa kiliitwa chai, na kovu ninalo.

Muuguzi Mstaafu: Marahaba. Iwe chai au isiwe chai, nitajibu, kwa sababu wapo wengine wanaosoma. Mwaka 2017 idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ilitoa taarifa ya kichanga wa Oregon aliyeugua streptokoki kundi B, akatibiwa, kisha akaugua tena. Mama yake alikuwa akimeza vidonge vya kondo, na vilipopimwa bakteria walikutwa ndani yake. Idara hiyo ilishauri vidonge hivyo viepukwe. Mkeo asianze.

Mgeni wa Hessen: Tatizo ni kwamba alianza Jumatatu. Anameza viwili asubuhi na viwili jioni, na kusema kweli anaonekana mchangamfu, ndiyo maana sikutaka kumkatisha.

Muuguzi Mstaafu: Mtoto ananyonya vizuri?

Mgeni wa Hessen: Leo amelala sana. Hajanyonya tangu saa saba.

Muuguzi Mstaafu: Funga simu, mwamshe mama yake, mwende hospitali sasa hivi, na hivyo vidonge mvichukue.