Sheria ikiwa na utata, neno la mwisho ni la nani: jaji au mdhibiti?

Mwanafunzi wa Sheria:
Habari zenu, wakuu. Nimesoma hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya tarehe 28 Juni 2024 katika shauri la Loper Bright, iliyotengua kanuni ya Chevron ya mwaka 1984. Kwa miaka 40, sheria ya Kongresi ilipokuwa na utata au ilipokaa kimya, majaji walitakiwa kuipokea tafsiri ya taasisi ya serikali (mdhibiti) inayoisimamia sheria hiyo, mradi iwe tafsiri inayokubalika kiakili. Sasa jaji asiyejua kemia wala uvuvi atawapimaje wataalamu?

Wakili Mstaafu:
Ndugu, shauri lenyewe halikuhitaji mtaalamu wa samaki. Wamiliki wa mashua za kuvua heringi walitakiwa kuwalipa waangalizi wanaopanda nao baharini, ilhali sheria ya uvuvi ya 1976 haikutamka kwamba wavuvi wa aina yao ndio wabebe gharama hiyo. Nani alipe ni swali la kusoma sheria. Jaji Mkuu Roberts aliegemea Sheria ya Taratibu za Utawala ya 1946, inayoiagiza mahakama iamue yenyewe masuala ya kisheria. Hoja za wataalamu bado zaweza kumshawishi jaji, kama ilivyoelezwa katika shauri la Skidmore la 1944, ila hazimfungi.

Msomaji wa Hukumu:
Mzee wangu, umechagua mfano mwepesi. Jaji Kagan, katika maoni yake ya kupinga, aliuliza ni lini mnyororo wa asidi amino unastahili kuitwa protini. Hilo ni suala la kisheria kwa jina tu. Tena siku tatu baadaye ikaja hukumu ya Corner Post: ukomo wa miaka 6 wa kufungua shauri dhidi ya kanuni ya taasisi huhesabiwa tangu kanuni hiyo ilipomuumiza mlalamikaji, si tangu ilipotolewa, kwa hiyo kampuni iliyoanzishwa juzi yaweza kuishambulia kanuni iliyoizidi umri. (Ajabu ni kwamba mwaka 1984 walioshindwa katika Chevron walikuwa watetezi wa mazingira, na leo wengi wanaoililia ni wao.)

Mwanafunzi wa Sheria:
Nawashukuru. Je, kanuni za taasisi zilizokwisha kuthibitishwa mahakamani kwa kutumia Chevron zimeanguka nayo?

Wakili Mstaafu:
Hapana. Roberts aliandika kwamba hukumu zilizozithibitisha zinabaki, na kwamba kuegemea Chevron peke yake si sababu ya kutosha ya kuzitengua. Kuhusu protini, nakiri hoja ina uzito. Hata hivyo Kongresi bado yaweza kuikabidhi taasisi, kwa maneno ya wazi na ndani ya mipaka ya katiba, mamlaka ya kufafanua neno fulani. Hapo jaji hukagua tu kama mipaka imevukwa. Ugumu ni kwamba maneno ya wazi yanahitaji kura, na mara nyingi utata huachwa makusudi kwa sababu wabunge wenyewe walishindwa kuafikiana.