Gemu ya zamu HAIJAGANDA, inakusubiri. 38, wakuu. Thelathini na nane!

Wakuu, mikono bado inatetemeka, makosa ya herufi mnivumilie. Tukio halijafikisha hata nusu saa.

Jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayeingia bila hodi, anakaa kwenye mkono wa kochi wakati kochi lenyewe liko wazi, hajaulizwa kitu anaanza kukufundisha gemu yako mwenyewe. Yule ambaye kwenye skrini kitu kisipolipuka kila sekunde mbili anauliza kama umeme upo. Huyo huyo.

Sasa niko Final Fantasy X, gemu ya zamu (unapiga wewe, anapiga adui, na zamu yako ikifika gemu inakusubiri uchague), mlima Gagazet, na bosi Seymour. Waliopita pale najua wameshashika kichwa. Damu, yaani uhai wake, 70,000. Anakuchoma mkuki unageuka zombi, halafu lile dude lake la pembeni linakutupia uchawi wa kufufua, na kwa kuwa wewe ni zombi, uchawi wa kufufua unakuua. Aliyebuni huo mtego sijui aligombana na nani siku hiyo.

Nimepigana naye dakika arobaini. Daftari lipo pajani, nahesabu damu yake kwa peni, nakata, nahesabu tena. Amebakiza elfu tatu na kitu. Kwangu wamebaki wawili: Tidus, ambaye ni zombi lakini ile nguvu yake ya mwisho imejaa pomoni, na Yuna, mganga wetu, mwenye kifimbo. Zamu ni ya Yuna. Pembeni juu ya skrini foleni ya zamu inaonekana: baada ya Yuna linakuja lile dude, kisha Seymour, kisha Tidus. Kazi ya Yuna ni moja tu, kummwagia Tidus maji matakatifu uzombi utoke. Tidus akiishi mpaka zamu yake, Seymour ni marehemu.

Nikaweka padi kwenye meza. Nikarudi kwenye daftari kuhakikisha hesabu. Ndiyo raha yenyewe hiyo! Unaweza kuweka padi chini, ukajikuna, ukawaza, na Seymour kasimama pale pale na mkuki wake kama mtu anayesubiri jibu la barua.

Nasikia: "Hii imeganda."

Nainua macho, padi ipo mikononi mwake. Anabonyeza. Hachagui, ANABONYEZA, kama mtu anayeita lifti. Na mnajua kishale huwa kimekaa wapi menyu ikifunguka. Shambulia.

Yuna akatoka. Taratibu. Akainua kifimbo. Akamgonga Seymour kama anambishia hodi.

38.

Wakuu, kati ya elfu tatu kamtoa damu thelathini na nane. Nimewahi kupigwa na mlango kwa nguvu kuliko hiyo.

Halafu jamaa, bila hata kugeuka: "Nimekufungulia. Ilikuwa imeganda."

Nimekufungulia! Dude likamfufua Tidus, Tidus akafa. Seymour akammaliza Yuna. Nimerudi kwenye kusevu, ambako kabla ya pambano Seymour anatoa hotuba isiyorukika, na hotuba hiyo nimeshaisikia mara sita. Nyinyi mnaosema gemu za zamu zimepitwa na wakati, njooni hapa mnieleze 38 ni nini. Siku nzima hii hakuna kitu kilichonisubiri mimi isipokuwa hiyo menyu, na mtu kaja kuiharakisha.

Nimekufungulia. Sitalala leo.

Mzee wa Siti ya Mbele: Nimekaa. Endeleeni.

Kunguru Mweupe: Gemu ambayo mtu mzima hawezi kuitofautisha na gemu iliyoganda, kosa la nani mkuu?

Subira_Zamu (mleta mada): Kunguru, wachezaji wa chesi nao wakiwaza utawasukumia kete kwa sababu wameganda?

Kunguru Mweupe: Nimewahi kutamani.

Bi Mkono Mmoja: Pole kaka. Huyo jamaa namjua, kwangu alikuja akasema "ruka hiyo stori twende kwenye vita". Mimi nina mtoto mchanga. Mkono mmoja umembeba, wa pili una padi. Gemu za kurukaruka niliziacha, kwa sababu mtoto akicheua, adui wa kwenye gemu hasubiri. Kwenye Dragon Quest XI nachagua shambulio, nambadilisha mtoto nguo, narudi, dubwana limesimama vile vile kwa adabu. Anayesema hizi gemu ni za wavivu aje abebe mtoto.

Padi Mbovu: Swali moja tu kwa mleta mada. Seymour wa Gagazet anashikwa na sumu. Ulimtia sumu?

Subira_Zamu: Hilo halihusiani.

Padi Mbovu: HUKUMTIA SUMU. Wakuu, mtu kapigana dakika arobaini na daftari pajani, kumbe sumu ipo mfukoni haijatumika. Basi 38 ilikuwa halali yako. Jamaa kakuonea huruma akakatisha.

Chumvi Nyingi: 😂😂 Daftari! Ameniua na daftari.

Jini la Menyu: Kwa nini hukumwita mmoja wa wale viumbe wa Yuna?

Subira_Zamu: Seymour anawafukuza. Kiumbe anapiga mara moja tu anaondolewa uwanjani. Tafadhali watu wasiofika Gagazet wanyamaze kidogo.

Jini la Menyu: Sijafika huko, umenitobolea stori yote.

Mzee wa Siti ya Mbele: Gemu ni ya 2001, mkuu.

Asilimia Tisini na Tano: Mwenzetu analia kwa 38, angalau kifimbo chake kiligusa. Mimi jana XCOM, gemu ya zamu ya askari na wageni wa angani, askari wangu kasimama uso kwa uso na kile kidudu cha kijivu, mdomo wa bunduki uko puani mwake, namba inaonyesha asilimia 95 ya kupata. Akapiga ukuta. Ukuta ulikuwa NYUMA YAKE. Hakuna aliyenishikia padi, wala wa kumlaumu sina. Nimebaki naitazama ile 95 kama mtu aliyeonyeshwa cheti bandia.

Radi Haigongi: Karibu chamani. Kwenye Pokémon shambulio la Thunder lina asilimia 70 ya kupata. Kwangu zinakuwa saba. Akilitumia mpinzani zinakuwa mia na riba juu.

Subira_Zamu: Wakuu, uzi unahusu mtu kubonyeza padi ya mwenzake. Alisema "nimekufungulia". Hebu lisomeni tena hilo neno.

Mhafidhina wa 1986: Tatizo lilianza zamani, vijana hamjui. Dragon Quest ya 1986 ilikuwa safi: mimi nimepiga, wewe umepiga, tumeheshimiana. Ikaja Final Fantasy IV mwaka 1991 na ule muda unaokimbia bila kukusubiri. Unatafuta dawa kwenye begi, menyu imefunguka, dubwana linakutwanga huku unasoma majina ya chupa. Hiyo ni zamu? Hiyo ni kuvamiwa ukiwa dukani.

Chumvi Nyingi: Mzee, ule muda ndio uliotufanya tusisinzie.

Mhafidhina wa 1986: Ulikuwa unasinzia kwa sababu hufikirii.

Kidole Mwendokasi: Mimi natetea upande wa jamaa. Wenyewe Final Fantasy XVI ya 2023 wameachana na zamu, ni panga mwanzo mwisho. Wenye mali wamehama, nyie mmebaki mnalinda kiwanja.

Bi Mkono Mmoja: Mwaka huo huo wa 2023 tuzo ya gemu bora ya mwaka pale The Game Awards ilikwenda kwa Baldur's Gate 3. Ambayo ni ya nini, mwendokasi? Ya zamu. Kaa.

Kidole Mwendokasi: Na Clair Obscur ya Wafaransa, 2025? Ni ya zamu lakini usipokwepa kwa wakati unachanika vipande. Hata nyie mmeona kusubiri tu haitoshi.

Mhafidhina wa 1986: Usiniguse hapo. Gemu nzuri, muziki mzuri, lakini zamu ya adui mimi nataka kupumzika. Zamu yake ni yake! Kwa nini nifanye kazi kwenye zamu ya mtu mwingine?

Mchoyo wa Dawa: Naomba kutubu hapa hapa. Nimemaliza gemu tatu na sijawahi kunywa dawa kubwa hata moja. Naziweka kwa ajili ya bosi wa mwisho. Bosi wa mwisho akifika nasema labda kuna mwingine baada yake. Majina ya watengenezaji yanapita kwenye skrini, mimi nimekaa na chupa 41.

Radi Haigongi: 41! Mimi nilidhani niko peke yangu, nina 28.

Padi Mbovu: Na mleta mada ana sumu.

Subira_Zamu: Nimesema sumu haihusiani!! Alikuwa amebakiza ELFU TATU. Kifimbo. Hodi. 38.

Chumvi Nyingi: Mkuu punguza povu, Seymour atasikia.

Jini la Menyu: Hivi kuna mtu aliyewahi kukosewa kwenye kusevu? Nilikuwa Persona 5, saa tisini na kitu, nimebakiza kama wiki mbili za kwenye kalenda. Mdogo wangu akaomba aanze yake. Nikamwambia chagua nafasi iliyo tupu. Akachagua ya juu kabisa "kwa sababu ndiyo ya kwanza".

Asilimia Tisini na Tano: Hapana.

Jini la Menyu: Akaniuliza, "hii inasema nifute ya zamani, nikubali?" Nilikuwa jikoni. Nikajibu "ndiyo" nikidhani anauliza kuhusu sauti.

Bi Mkono Mmoja: Jamani, ndiyo umeitoa wewe mwenyewe!

Mchoyo wa Dawa: Saa tisini. Nimeshuka mabega.

Mzee wa Siti ya Mbele: Huu ndio msiba sasa. Mkuu, fungua uzi wako, tunahamia huko.

Subira_Zamu: Wakuu?