Nimezoea kilomita 42 za lami, sasa naenda kukimbia 8 za msituni. Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nakimbia masafa marefu mwaka wa 6 sasa. Mazoezi yangu hapa Dar ni lami tupu: alfajiri Mbezi hadi Mwenge kabla daladala hazijajaa, Jumapili Coco Beach na Daraja la Tanzanite. Kilomita 42 namaliza, kwa mwendo wangu uleule.

Sasa nimejiandikisha mbio za kilomita 8 kwenye vilima vya Pugu, zimebaki wiki 5. Jumamosi nikaenda kuijaribu njia. Kupanda tu, dakika 3 pumzi ikakata. Kushuka ndiko kulikonitisha zaidi: njia nyembamba, mizizi imejificha chini ya majani makavu, udongo umelowa mvua ya usiku unateleza kama sabuni. Kifundo cha kushoto kikageuka, nikamalizia kwa kutembea. Raba zangu nazo soli zimeshalika, hazishiki kitu.

Wenye uzoefu, mazoezi ya kasi ya kupanda nifanye mara ngapi kwa wiki? Zile ndefu za Jumapili nizipunguze au niache kabisa? Kushuka mnakanyagaje? Na raba zenye meno, Mchikichini kwenye mitumba zinapatikana? Nazitaka sana hizi mbio.